Mafua ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma mmesinzia? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilalia magodoro, Nungunungu alikuwa fundi wa magodoro kwa Bwana Nyani. Alichambua sufi, akajaza, akashona. Kila jioni alipewa kibaba cha mahindi, akawapelekea watoto wake.

Siku moja akaamka na mafua. Pua inachuruzika, macho mekundu. Akajikongoja hadi kwa Nyani.

"Shikamoo, bwana. Leo naumwa, naomba nikalale."

"Unaumwa nini?" akauliza Nyani huku akimenya ndizi.

"Mafua."

"Mafua nayo ni ugonjwa? Hayo ni maji ya pua tu! Ukilala leo, kesho usirudi."

Sheria ilikuwepo, jamani. Mzee Tembo, mkuu wa nchi, alikuwa ameipigia mbiu: mgonjwa alale mpaka apone, na kibaba chake kisikatwe. Siku ile aliyepiga makofi kuliko wote nani? Nyani huyo huyo! Lakini Nungunungu aliwafikiria watoto na chungu kitupu, akashika sindano.

Sufi na pua yenye mafua, wapi na wapi! Haa... haa... chyaaa! Na nungunungu akipiga chafya, miiba humchomoka. Ukaruka mmoja, ukazama godoroni.

Siku ya pili, homa.

"Homa ni joto tu," akasema Nyani. "Hata jua lina joto, mbona halilali?"

Nungunungu alijua kuwa jua hulala kila siku, ila hakuthubutu kusema. Haa... haa... chyaaa! Miiba ikazama.

Siku ya tatu, kikohozi.

"Mdomo ukohoe, mikono ishone," akasema Nyani. "Nani kamzuia mwenzake?"

Haa... haa... chyaaa! Miiba ikazama tele, na godoro lenyewe lilikuwa la harusi ya binti wa Bi Kiboko.

Jioni Bi Kiboko akaja kulichukua. "Hebu nilijaribu kwanza." Akaketi. Na Bi Kiboko akiketi, huketi mzima mzima.

"Uwiii! Nakufa!"

Walioshuhudia wanaapa kuwa hawajapata tena kumwona kiboko hewani.

Nyani akamwonyesha Nungunungu kidole. "Huyu ndiye! Kaniharibia mali! Nimemfukuza!"

Nungunungu akawaza, watoto watakula nini? Lakini Bi Kiboko, huku akichomolewa miiba, akasema, "Hafukuzwi mtu hapa. Twende barazani, na godoro libebwe."

Mzee Tembo akauliza, "Nungunungu, ulikuwa mgonjwa?"

Nyani akamkodolea macho. Nungunungu akapangusa pua, kisha akasema, "Ndiyo, mzee. Nilimwambia mara tatu." Akataka kuendelea. Haa... haa... Baraza zima likalala chini. Chyaaa!

"Mzee," akasema Nyani akijifuta vumbi, "mafua si ugonjwa."

"Vyema," akasema Tembo. "Kama mafua si ugonjwa, basi na miiba haichomi. Godoro hili lalia wewe, na Bi Kiboko umtafutie jingine. Nungunungu akapumzike, na kibaba chake umpelekee mwenyewe. Siku atakayopona ndiyo siku utakayoshuka godoroni."

Husemwa nyani haoni kundule. Usiku ule, hakuliona, lakini alilihisi!

Asubuhi, jogoo hajawika, Nyani yuko mlangoni na uji wa moto na tangawizi.

"Hodi! Ndugu yangu, umeamkaje?"

"Nafuu kidogo, bwana. Labda nije kazini."

"Lala! Nani kakuambia uinuke? Ukirudiwa na homa nitakuwa mgeni wa nani?"

Akamkanda miguu, akamfukuzia nzi, akawaosha watoto nyuso. Nungunungu akapona upesi, maana hakuna dawa kama kulala na kutunzwa. Akarudi kazini kwa furaha.

Tangu siku hiyo, mtu akipiga chafya kwa vumbi tu la sufi, Nyani hupiga kelele, "Nyumbani! Sasa hivi! Kibaba nitaleta!" Na makalio yake hayajapoa mpaka leo. Mtazameni akipita, ni mekundu.

Basi wanangu, sheria haikuwekwa ipigiwe makofi, iliwekwa ifuatwe. Anayemfanyisha mgonjwa kazi, maumivu yatamfuata hadi kitandani.

Ngano yangu naifunga hapa. Ikiwa tamu, mgawieni jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie asali.