Uzi wa Kijani katika Koti la Twidi

Mtu mmoja alikuwa na koti la baba yake, wala hakuwa na kitu kingine cha kumkumbukia. Jina lake Zefania. Koti lilikuwa la twidi, ile sufu nzito inayokwaruza shingo, na huko kwao Njombe, ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, koti la namna hiyo si pambo. Lakini Zefania hakulithamini kwa sababu ya baridi. Alikuwa ameanza kusahau uso wa baba yake.

Jambo hilo lilimtia hofu kuliko alivyoweza kumweleza mkewe. Picha marehemu hakuacha. Alikuwa mwashi, na siku mpiga picha alipopita kijijini yeye alikuwa juu ya ukuta wa kanisa na udongo ulikuwa umekwisha kukorogwa, akakataa kushuka. Kwa hiyo Zefania alibaki na neno aliloambiwa tangu utoto, kwamba yeye na baba yake ni kama shilingi kwa ya pili. Akajisemea moyoni kwamba akivaa kama alivyovaa mzee, akasimama mbele ya kioo, atamwona tena, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua.

Na mzee alijua kuvaa. Wiki nzima alikuwa mtu wa chokaa, ila Jumapili ungedhani ni mtu mwingine amelala nyumbani kwake. Nguo zile hakuzipata siku moja. Koti lilitangulia, alilipata mnadani Makambako, kisha akalitafutia wenzake polepole kama mtu anayemtafutia mwanawe mchumba. Alikuwa akisema koti hilo lina nyuzi nyingi na kila uzi una neno lake, basi shati sharti linyamaze. Akachagua jeupe la rangi ya maziwa, lisilo na mraba wala mstari. Suruali nyepesi zinazong'aa alizikataa, maana kitambaa chepesi chini ya sufu nzito humfanya mtu aonekane ameazima koti. Akashonesha ya kijivu, nzito, iliyoshuka vizuri hadi kwenye kiatu. Tai ndiyo iliyomchelewesha kuliko vyote. Aliipata ya kijani, kijani cha majani ya chai yaliyokomaa, na siku alipoivaa kwa mara ya kwanza watu waliona kitu cha ajabu: koti lile walilozoea kuliita la kahawia lilikuwa na uzi wa kijani ndani yake. Ulikuwemo siku zote, ila haukuonekana mpaka tai ilipousogelea. Zefania alikumbuka kijani hicho kuliko alivyoikumbuka pua ya baba yake.

Mzee alipofariki, siku ya kuanua matanga, shangazi yao alitandika nguo za marehemu juu ya mkeka ili watoto wachague, kuanzia mkubwa, kama ilivyo desturi. Walikuwa watatu: Zefania, mdogo wake Obadia, na dada yao Yudita. Obadia ndiye aliyekuwa amemuuguza mzee. Asubuhi baada ya asubuhi alimwinua kitandani na kumvika koti lile, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa imekataa kazi na kifua chake hakikuweza tena kushindana na baridi. Shangazi aliyajua hayo. Kabla ya kumwambia Zefania achague, alimtazama kwa muda mrefu. Jicho la mtu mzima husema, lakini Zefania alijifanya kiziwi. Akanyoosha mkono, akachukua koti. Alidhani amemchukua baba.

Obadia akachukua suruali bila kuinua uso. Yudita akachukua shati na tai, vilivyobaki. Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana, maana wagombanao ndio wapatanao. Hao watatu waliagana kwa adabu, wakakunja nguo zao, kila mmoja akashika njia yake. Obadia akahamia ng'ambo ya bonde, na Yudita akaolewa hukohuko. Salamu zikawa zinapita kwa watu wanaokwenda sokoni, na baadaye hata hizo zikapungua. Zefania alijiambia kwamba mkubwa hafuati wadogo. Maneno kama hayo huwa na sauti nzuri, lakini hayamlishi mtu.

Basi akaanza kulitafutia koti nguo nyingine. Alinunua shati la miraba, kwa sababu lilikuwa zuri likiwa peke yake. Alipovaa koti juu yake, miraba na nyuzi vikapigana kifuani pake mpaka mkewe akacheka na kugeuka upande. Akanunua suruali nyeusi inayong'aa, akaonekana kama mtu wa juu na mtu wa chini waliokutana njiani bila kujuana. Akanunua tai nyekundu, nayo ikalifanya koti lionekane limezeeka kuliko umri wake. Akajaribu tai za kijani, moja ya kijani cha bendera, nyingine ya kijani cha ndizi mbichi. Kila mara alisimama mbele ya kioo, na kila mara alimwona Zefania tu, mtu wa makamo aliyevaa koti la kahawia.

Ule uzi wa kijani haukuonekana. Alilipeleka koti dirishani, akalitazama kwa karibu, akalilaumu jua, akaulaumu moshi wa jikoni. Usiku mmoja aliota amemwona baba yake kwa nyuma akipanda ngazi, akaita, na mzee hakugeuka. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akalia kama mtoto, akiwa na koti magotini. Mkewe hakucheka siku hiyo. Akamwuliza zile nguo za awali ziko wapi, na Zefania, aliyejua jibu kwa miaka yote hiyo, akashika kofia yake.

Alishuka bondeni akiwa amelivaa koti, huku akipanga maneno. Ataomba suruali, shati na tai kwa siku moja tu, kisha atazirudisha. Hakuna mtu mwenye akili angekataa ombi dogo kama hilo. Hivyo ndivyo alivyopanga, na katika mipango yake yote hakuna mahali aliposema nisamehe.

Aliwakuta shambani kwa Obadia, wakichimba viazi. Obadia alikuwa amevaa suruali ile ile ya kijivu, magoti yake yametiwa viraka vya gunia. Yudita alikuwa amevaa shati juu ya gauni, limekwisha kuwa na rangi ya udongo, na tai ya baba ameifunga kiunoni kuwa mkanda. Moyo wa Zefania ulipanda kwa hasira. Nguo alizoziota miaka yote zilikuwa zikichafuliwa kwa viazi! Alikuwa amesahau kwamba nguo za wenzake zilichakaa kwa kuvaliwa, na kwamba koti lake lilibaki zima kwa sababu tangu siku ya mkeka halikuwa limemkumbatia mtu.

Yudita alimwamkia kwa heshima kutoka alipokuwa, jembe mkononi. Obadia aliendelea kuchimba. Zefania akasimama kwenye tuta la mwisho, akasema haja yake: kwamba anamtamani baba, kwamba uso wake unamtoka, kwamba anaomba nguo apate kumwona.

Obadia akajinyoosha, akaegemea jembe. Akasema, "Kaka, suruali siivui. Kama unamtaka baba, sogea."

Zefania akabaki palepale. Yale matuta machache yaliyokuwa kati yao yalimlemea kuliko bonde zima alilolivuka. Kisha akasogea, akikanyaga udongo uliochimbwa, mpaka akawa karibu nao kiasi cha kusikia pumzi zao. Yudita akamshika mkono. Na hapo, ile tai iliyochakaa ilipokuwa karibu na ubavu wa koti, uzi wa kijani ukajitokeza kwenye sufu, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka koti lote likawa lile la Jumapili za zamani.

Lakini si koti alilolitazama. Alimtazama Obadia, jinsi alivyoutupia mguu mmoja uzito wote, kama mzee alivyosimama akikagua ukuta kama umenyooka. Alimtazama Yudita, na kidevu kile, na namna ya kubana midomo kabla ya kucheka. Uso aliokuwa ameupoteza ulikuwa umegawanywa pamoja na nguo, na sehemu kubwa haikuwa imekwenda nyumbani kwake. Zefania akasema nisamehe, kwa sauti ndogo, akamwambia Obadia kwamba koti lilikuwa lake tangu siku ya mkeka. Obadia hakulipokea. Alimpa jembe, kwa kuwa jua lilikuwa bado juu na viazi vilikuwa vingi, nao wakachimba hadi jioni wakisimulia habari za marehemu, na kila mmoja alikuwa na habari ambazo wengine hawakuzijua.

Jioni Zefania akapanda kurudi kwake, maana mke na watoto walikuwa wakimngoja. Njiani koti likawa la kahawia tena. Aliona hivyo, na shauku ikamshika upya, kali kuliko ya mwanzo, lakini safari hii alijua nyumba ya kuipeleka. Tangu hapo wanawake wa bondeni humwona akishuka na kupanda, mvua iwe au isiwe.

Basi niambieni ninyi mlioanua matanga mkatawanyika: mtu mwenye ndugu aliye hai asiyemwendea, anapomlilia baba yake, anamlilia nani?