Hondohondo Aliyekandika Milango ya Wenzake

Hapo zamani za kale, wakati ndege walipokuwa wakikaa majumbani kama watu, wakipika, wakifagia na kuazimana chumvi, kasuku wadogo wa kijani walikuwa na banda lao moja kubwa. Lilisukwa kwa fito na nyavu, mwewe asipenye. Ndani yake kila mume na mkewe walitagia katika sanduku la mti lenye tundu la duara. Masanduku mengine yalitundikwa juu karibu na paa, mengine chini karibu na vumbi. Na hapo, wanangu, ndipo palipokuwa na matata.

"La juu ni langu!"

"Lako tangu lini? Shuka huko, mkia kama ufagio!"

"Chiriri! Chiriri! Niachie manyoya yangu!"

Kila msimu wa kutaga ulikuwa hivyo. Aliyewazidi wote kwa ugomvi ni Bi Riziki. Msimu ule alimsukuma jirani yake mpaka yai la jirani likachomoka tunduni. Paa! Likapasuka sakafuni.

Shomari aliyaona yote kutoka kwenye kijiti chake. Yeye hakuwa na sanduku la kugombea. Mkewe, Mashavu, alifariki masika yaliyopita, na tangu hapo Shomari alilala kijitini, upande wa kushoto, akiacha nafasi upande wa kulia.

Kelele zile zikamleta Bwana Hondohondo, mkuu wa ndege wa upande ule, mwenye mdomo mkubwa kama jembe. Nyuma yake alikuja Kunguru, askari wake.

"Ho! Ho! Mnataga au mnapigana ngumi?"

"Shikamoo, bwana mkubwa," kasuku wakaitikia kwa pamoja, manyoya yamewasimama.

"Marahaba. Tazameni kwangu! Mke wangu yumo ndani ya mkuyu ule pale nje. Nimemkandikia mlango kwa udongo, nikaacha ufa wa kupitisha ncha ya mdomo. Mmewahi kusikia yai langu limevunjwa? Mmewahi kusikia mke wangu akigombana na jirani?"

Sauti ikatoka ndani ya mkuyu: "Nitagombana na nani humu? Na gogo?"

Hondohondo akajifanya hakusikia. "Kuanzia leo, kila jozi ndani ya sanduku lake, mume na mke, na mlango unakandikwa. Mtazaa kistaarabu!"

"Kwaa! Hasa!" akadakia Kunguru. "Na ua wa banda utakuwa mtupu, bwana mkubwa upate pa kupunga upepo."

"Na bakuli letu la uwele?" akauliza Bi Riziki.

"Tutalilinda," alisema Hondohondo, akimeza mate. Kisha akamwona Shomari. "Na huyu je?"

"Huyu ni mgane, bwana. Hana jozi," akajibu Kunguru.

"Asiye na mwenzi ni mbegu ya fitina. Kesho asubuhi atoke bandani."

Nje ya wavu, Mwewe alikuwa akizunguka angani polepole, kama mtu anayesubiri chungu kiive. Shomari akamtazama. Akatazama na mabawa yake mwenyewe, mafupi kama majani ya mwarobaini.

Kazi ikaanza. Kunguru alipotaka kusaidia, Hondohondo alimfukuza. "Weka chini udongo wangu! Kukandika si kazi ya kupewa mtu." Pwata! Pwata! Kutwa nzima alikandika peke yake, na jua lilipoinama milango yote ilikuwa imezibwa. Banda likawa kimya. Shomari alikijua kimya kile. Alikuwa amedhani ni chake peke yake.

Kulipopambazuka alirukia sanduku la Bi Riziki, akaweka jicho kwenye ufa.

"Hodi, dada Riziki."

"Karibu, ingawa wewe huwezi kuingia wala mimi kutoka."

"Umetaga?"

"Nitage nini, kaka Shomari? Mimi nisipowasikia wenzangu wakipiga kelele, yai halishuki! Nilikuwa nawatukana kila siku, kumbe ndio walionitia moyo. Na njaa hii! Mume wangu anaitazama miguu yangu kama mishikaki."

"Nani anawaletea chakula?"

"Nani atuletee? Sote tumo ndani!"

Shomari akainamisha kichwa upande, kama wafanyavyo kasuku wanapofikiri. Kila mwaka alikuwa akimwona Hondohondo akibeba tini mpaka kwenye mkuyu, akizipitisha moja moja ufani. Mke ndani, mume nje, kama alivyoapa siku ya harusi. Lakini hapa amewafungia wote wawili. Bwana mkubwa amekumbuka udongo, amesahau mdomo!

Shomari akacheka, kicheko kidogo, cha kwanza tangu masika. Alishangaa kukisikia.

"Dada Riziki, nikisema 'salamu kwa bwana harusi', ombeni chakula kwa sauti zote mlizo nazo. Waambie wa jirani, nao wagonge ubao wawaambie wa jirani yao."

Ko-ko-ko, ko-ko-ko. Habari ikapita sanduku hadi sanduku.

Punde akaja Hondohondo, akajilaza kando ya bakuli la uwele, Kunguru kando yake.

"Wewe hujatoka tu?"

"Natoka, bwana mkubwa. Ila nina aibu moja. Huko niendako wataniuliza ni fundi gani aliyekandika milango mizuri vile. Wengine wanasema ni Kunguru."

"Kunguru?!"

"Kwaa! Mimi sikusema kitu!"

"Nani mwingine basi?" Shomari akauliza kwa upole. "Sema kwa sauti, bwana, masikio yangu ni madogo."

"MIMI! Kila mlango, kwa mdomo wangu huu!"

"Hata wa Bi Riziki?"

"Mimi!"

"Na wa yule binti aliyeolewa juzi?"

"Mimi! Mimi mwenyewe!"

Kisha, kutoka mkuyuni, ikaja sauti ya chini kabisa.

"Baba Hondo."

"Naam, mke wangu."

"Siku ile unanioa, uliapa nini mbele ya wazee?"

"Niliapa... anayekandika ndiye anayelisha."

"Na anayelisha?"

"Ndiye... ndiye mume."

"Kumbe! Mimi nimo gizani, manyoya yamenipukutika, nangoja tini ya asubuhi, na mwenzangu ameoa banda zima!"

"La, la, mama watoto! Wale wana waume zao humo humo ndani!"

"Umewakandikia na wanaume? Haya, walishe na wanaume."

Shomari akainama mpaka mdomo ukagusa kijiti. "Salamu kwa bwana harusi!"

"CHIRIRI! LETE CHAKULA! CHIRIRI! CHIRIRI!" Banda zima likatikisika.

"Ni mila tu hizo, mke wangu..." Hondohondo alijaribu.

"Ni kiapo cha babu yako na baba yako! Ukikivunja kwao, umekivunja kwangu. Nitaubomoa mlango huu leo hii nirudi kwetu, na mayai yako yapoe."

Hondohondo akaukimbilia uwele. Lakini mdomo kama jembe utaokotaje punje ya uwele? Akiokota moja, mbili zinamponyoka. Akifika ufani, mdomo hauingii. Akirudi bakulini, nyuma wanaita.

"Bado mimi!"

"Mume wangu hajapata!"

"Bwana harusi, mimi sipendi uwele wenye makapi, nichambulie!"

"Kunguru! Njoo unisaidie!"

"Kwaa! Mimi sikukandika mlango wa mtu," alisema Kunguru, na huyoo, akaenda zake.

Jua lilipofika utosini, Hondohondo alianguka katikati ya ua. Puu! Ulimi nje.

"Shomari, ndugu yangu," alihema. "Nifanyeje?"

Jana alikuwa mbegu ya fitina, leo ni ndugu. Shomari akaliacha lipite.

"Bandua, bwana mkubwa. Kiapo hakisemi lolote juu ya anayebandua."

Ko! Ko! Pwata! Udongo ukaanguka mlango baada ya mlango. Purrr! Kasuku wakamwagika nje, wakala, wakanywa, na mara Bi Riziki akaruka kuelekea sanduku la juu.

"Ngoja, dada," Shomari akamzuia. "Bwana mkubwa hakukosea yote. Yai linataka utulivu. Lakini kelele za wenzetu tunazihitaji, vurugu zao ndizo tusizozihitaji. Tunagombana kwa sababu kuna la juu na la chini." Akamgeukia Hondohondo. "Bwana, wewe ni mrefu na una nguvu. Yatundike masanduku yote usawa mmoja, na uongeze mengine yazidi wenye kuyataka. Ukimaliza, nami habari ya harusi yako sitamsimulia mtu."

Hondohondo alitundika. Alitundika haraka sana.

Alipomaliza akapangusa mdomo, akakohoa. "Na wewe mgane, amri yangu..."

"Amri gani?" Bi Riziki akamjia juu. "Huyu haendi popote! Nani mwingine mwenye pumzi ya kutuanzishia kelele asubuhi, sisi tukiwa tumelalia mayai?"

"Haendi!" wakaitikia wote. Hata mkuyuni ikasikika: "Haendi!"

Basi kesho yake Shomari alikaa kwenye kijiti chake, akavuta pumzi. "Chiriri?" aliita, kwa sauti ndogo kwanza, maana ilikuwa muda mrefu. Sanduku moja likamjibu, likafuata la pili, mpaka banda likawa kama gulio. Ghafla Bi Riziki akatoa kichwa tunduni.

"Nyamazeni! Hapana, msinyamaze! Limeshuka!"

Shomari akaimba kwa nguvu zaidi, na asubuhi ile mayai yalishuka sanduku hadi sanduku.

Wanangu, ukimfungia mwenzako mlango, njaa yake imekuwa yako.