Mdudu wa Mgomba-mwitu Haitiki

Zamani msitu wa mlimani ulikuwa kimya. Wadudu walikuwamo, wengi kama walivyo leo, lakini hakuna aliyekuwa na jina, kwa hiyo hakuna aliyeitwa na hakuna aliyeitika. Kila mmoja alijua jani lake na watoto wake, basi.

Kwenye mgomba-mwitu mmoja karibu na kijito aliishi mama mdogo kama punje ya mchele, wa kijani, mwenye miguu mirefu ya kurukia. Watoto wake walikuwa wengi. Walifyonza utomvu wa jani kutwa nzima, walikua haraka, na kila walipokua ngozi iliwabana, wakaivua na kubaki laini kama uji mpaka mpya ikauke. Kazi ya mama ilikuwa hiyo: huyu anavua, yule amekwama, mwingine ameshavua na ana njaa. Hakuwa na nafasi ya mambo mengine.

Mkubwa wa msitu alikuwa ndege Hondohondo. Msimu huo mkewe aliingia kwenye tundu la mti kutaga, na kwa desturi yao tundu likazibwa kwa udongo, ukabaki mwanya wa kupitisha mdomo tu. Kumlisha ilikuwa kazi ya mumewe. Alizunguka akitafuta wadudu mpaka mabawa yakamuuma. Ndipo alipotangaza karamu: kila mdudu alete watoto wake, wale matunda, wapewe majina. Akatia sharti moja, ambalo wote waliliona la adabu tu. Mwenye jina akiitwa na mkubwa wake, aitike labeka, na aende.

Wakaenda wote. Mama wa mgomba-mwitu tu hakwenda, kwa sababu nusu ya watoto walikuwa katikati ya kujivua na hawakuweza kutembea. Jirani yake alirudi jioni ameshiba, na sasa aliitwa Nyenze, yeye na ukoo wake wote.

"Pole, jirani," alisema Nyenze. "Sasa wa kwako utawaitaje? Wewe nanihii, njoo; na wewe nanihii mwingine, kaa?"

"Hivyo hivyo," alisema mama, akaendelea kumsaidia mtoto kutoa mguu.

Asubuhi Hondohondo alipaza sauti kutoka juu ya mti. "Nyenze!" Kijana mmoja wa Nyenze akaitika labeka, akaruka kwenda. Hakurudi. Kesho yake akaenda mwingine. Nyenze aliwaambia majirani kwamba wanawe wamepata kazi kwa mkubwa, kazi nzuri, ndiyo maana hawana nafasi ya kuja nyumbani. Lakini mama alikuwa amemwona Hondohondo akivuka kijito, bawa la yule kijana likining'inia mdomoni mwake. Alimweleza Nyenze alichokiona. Nyenze akamjibu kwamba huo ni wivu wa kukosa jina. Mama hakubishana naye. Alikuwa na wa kwake wa kuwaangalia.

Binti yake mkubwa naye akaanza kulilia jina. Mama alimuuliza la nini. Binti akasema, la kuitwa. Mama akauliza, uitwe na nani? Tangu hapo mama akawafundisha watoto kusemezana kwa kugongagonga jani kwa miguu. Mtetemo ulipita ndani ya jani. Aliyelikanyaga aliusikia kwa nyayo, na aliye hewani hakusikia kitu.

Hazikupita siku nyingi, Kinyonga akapiga hodi. Alikuwa mjumbe wa Hondohondo.

"Nasikia hapa kuna watoto hawana majina," alisema.

"Watoto gani, mzee?"

Mama aligonga jani, na watoto wakasogea upande upande mpaka chini yake. Kinyonga akainama achungulie chini. Wakasogea upande upande mpaka juu. Alihangaika hivyo kwa muda, kisha akakumbuka kwamba macho yake hayatazami pamoja. Akakaa ukingoni, jicho moja juu, jicho moja chini. Mama akagonga kwa nguvu. Watoto wote wakaruka kwa mpigo mmoja, wakatua mgomba mwingine.

Alibaki kitinda mimba. Alikuwa ameshatoka kwenye ngozi ya zamani, ila mguu mmoja ulikuwa bado umenasa. Kinyonga alimwona, akaanza kuja, taratibu kama kawaida yake. Mama alimshika mtoto akavuta. Mguu ulibaki ndani ya ngozi. Mtoto akatoka, akaanguka majanini.

Kinyonga alipofika aliikuta ngozi imesimama kwenye jani, na macho yake, na vipapasio vyake, na miguu yote. Akaitazama kwa jicho moja, halafu kwa lingine.

"Huyu ametulia," alisema. "Umemlea vizuri, mama."

"Ndiyo, mzee. Ametulia."

Kinyonga akaipa ngozi ile jina refu, zuri kuliko yote yaliyosalia, akaibeba kwa Hondohondo. Asubuhi Hondohondo aliliita jina hilo. Kesho yake akaliita tena. Hakuna aliyeitika, na ile ngozi mbele yake haikusogea.

Na tangu karamu ile msitu una makelele. Nyenze huitika mchana kutwa, hata asipoitwa. Mdudu wa mgomba-mwitu ukimtazama anasogea upande upande mpaka nyuma ya jani, na ukinyoosha kidole ameshakwenda. Husemezana na wenzake kwa miguu, wala huwezi kumsikia. Wasomi hupanda mlimani na nyavu na miwani ya kukuzia. Humpata mmoja, humlaza kwenye karatasi nyeupe, humchunguza mpaka ndani ya tumbo, kisha humpa jina refu na zuri. Husema hakuwa na jina kabla ya hapo, na hilo ni kweli. Lakini aliyepewa jina ni yule wa kwenye karatasi, na yeye ametulia. Wenzake wako chini ya jani wanafyonza, na hakuna aliyewaambia jina hilo.