Viti Viwili vya Wodini

Wapendwa, leo nataka twende pamoja wodini kumwona mgonjwa.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeugua saratani ya damu. Dawa za saratani zilikuwa zimeishusha kinga ya mwili wake, ikawa hata kijidudu kidogo kingeweza kumuua. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, na hao hawakuwa wakisemezana tangu wamzike baba yao, kwa sababu ya kiwanja alichowaachia. Mkubwa alileta uji asubuhi, mdogo akaleta supu jioni. Walipanga hivyo ili wasikutane. Si mnawajua watu wa namna hiyo? Wengine mmekaa nao benchi moja hapa.

Kando ya kitanda palikuwa na viti viwili vya plastiki. Kila nesi alipotaka kuondoa kimoja, mama alimwomba akiache. Alitamani sana, jamani, alitamani kuviona vyote viwili vimekaliwa siku moja. Lakini hakuthubutu kusema. Asubuhi alimuuliza mkubwa, "Mwenzio hajambo?" Mkubwa akajibu, "Nadhani yuko." Jioni alimuuliza mdogo, akapata jibu lile lile.

Siku moja homa ikampanda vibaya. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu. Daktari akaandika antibiotiki mbili za kutundikwa siku hiyo hiyo, na kwa kuwa stoo ya hospitali ilikuwa imeishiwa, akamwomba mkubwa wazitafute nje, yeye na mdogo wake.

Mkubwa akaleta moja. Kuhusu ile nyingine akasema moyoni, "Naye si mtoto wa mama? Alete yeye." Je, alimwambia? Hakumwambia. Angemwambiaje mtu asiyemsalimia? Jioni mdogo akafika, akaona dripu imetundikwa, akadhani kaka ameshamaliza kila kitu ili apate sifa. Akaweka supu, akaondoka na hasira zake.

Kesho yake homa ilikuwa juu vile vile. Daktari akawapigia simu wote wawili, akawakutanisha kwenye korido.

"Dawa ya pili iko wapi?" akauliza.

Kila mmoja akamtazama mwenzake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Sikilizeni," daktari akasema. "Dawa moja inabomoa ukuta wa kijidudu. Nyingine inapita hapo palipobomoka, inakwenda kukimaliza ndani. Mama yenu hana kinga ya kusaidia. Mkimpa moja, mnamwacha apigane na nusu ya silaha."

Mimi si daktari, wapendwa, msiende kuchanganya dawa nyumbani. Lakini wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa.

Vijana wakatoka mbio. Wakazunguka maduka ya dawa pamoja, huyu akiuliza, yule akishika cheti, mpaka wakaipata. Wakarudi, wakaingia mlangoni bega kwa bega, wakitarajia mama atafurahi.

Mama akageuza kichwa. Akawaona. Wapendwa, yule mama hakucheka. Alijaribu kuinuka kitandani.

"Mmekuja pamoja," akasema. "Nani amekufa?"

Mara ya mwisho kuwaona pamoja ilikuwa kaburini kwa baba yao. Vijana wakavuta vile viti, wakakaa, kila mmoja akamshika mkono mmoja. Ile dawa ya pili ikatundikwa kando ya mwenzake. Homa ilikuja kushuka, namshukuru Mungu, lakini lile swali halijawatoka mpaka leo.

Sasa sisi. Tunakutana lini na ndugu zetu? Si mpaka turubai lifungwe na sufuria kubwa zitoke? Kwenye misiba tunajaa, tunapanga kamati, tunalia kwa sauti moja. Halafu tukishazika, kila mtu na njia yake. Na kuna mzazi mahali fulani amebakiza kiti, anakitazama, anaona aibu kutuomba.

Usisubiri daktari akupigie. Ukitoka hapa mtafute ndugu yako, hata kama wewe ndiye uliyekosewa. Nendeni kwa mama pamoja, leo, mkiwa hamna habari yoyote ya kupeleka. Akishtuka, akiuliza nani amekufa, mwambieni, "Hakuna, mama. Tumekuja tu kukuona."