Gari la Kijani Lililojua Kushuka Tu

Hapo zamani, katika mji mmoja uliokaa nusu juu ya mlima na nusu chini yake, palikuwa na Sultani akiitwa Shekuwe. Kasri lake lilikuwa juu, huko upepo unakofika ungali safi, haujaguswa na mtu. Soko na nyumba za watu zilikuwa chini, huko moshi unakoshukia ukalala. Maana mji huo ulikuwa na magari ya moto, yale yenye pipa tumboni, yanakula kuni na makaa na kutema moshi mweusi kama masizi ya sufuria. Watu wa chini wakikohoa asubuhi, wakikohoa jioni, hata ikawa mtu asipokohoa mlangoni hafunguliwi, wenye nyumba wanadhani ni mgeni.

Sultani alikuwa hajui. Angejuaje, maskini? Miaka mingi alikaa huko juu akisifiwa hewa ya mji wake na watu waliokaa naye huko huko juu. Mpaka siku moja chembe ya masizi, moja tu, ikapanda mlima ikaangukia mkate wa sinia wa Sultani. Hapo basi ndipo ikajulikana rasmi kwamba mji una moshi.

Akamwita shemeji yake, Tajiri Masudi, kaka wa mke wake, ambaye ndiye mwenye magari yote ya moto. Na hao mashemeji walipendana sana: Masudi alimpa Sultani dada, Sultani akampa Masudi barabara.

"Shemeji," akasema Sultani, "mkate wangu una doa. Tufanyeje?"

"Ewe bwana wangu, taa ya mji huu," akajibu Masudi, "jambo hili halitaki haraka, linataka utafiti. Wewe una dola, mimi nina mali. Tushirikiane, tutafute gari lisilotoa moshi."

"Na haya magari yako ya sasa?"

"Haya yaendelee, bwana wangu, ili watafiti wapate moshi wa kuutafiti."

Sultani akaona hayo ni maneno ya busara. Ikaandikwa hati, ukazaliwa Ushirika wa Dola na Mali. Dola ikatoa banda kubwa lililokuwa la wauza mboga. Wauza mboga wakaambiwa wahame upesi, elimu inakuja. Masudi naye hakubania, akatoa jina lake libandikwe juu ya mlango. Wakaletwa wanazuoni saba wenye vilemba, wakaingia, wakajifungia.

Mwaka wa kwanza, kilichosikika kutoka bandani ni harufu ya pilau. Mwaka wa pili wakatoa tangazo kwamba moshi, kwa walivyochunguza, ni mweusi. Mwaka wa tatu Sultani akauliza, akaambiwa wamekaribia. Mwaka wa nne wakawa wamekaribia zaidi. Mwaka wa saba Sultani akapiga meza, na Masudi akasema, "Subhanallah, bwana wangu, kumbe limekamilika jana!"

Basi likatolewa gari. Lilikuwa gari la moto lile lile la siku zote, ila wamelipaka rangi ya kijani, na pipa wamelivika kitambaa cha hariri. Likasimamishwa mbele ya lango la kasri, Sultani akitazama kutoka rosheni, dirisha lake la juu. Na kipimo cha mji ule kilikuwa hiki: Waziri hushika bafta, kitambaa cheupe cha pamba, nyuma ya gari linapokwenda, bafta ikibaki nyeupe, gari ni safi, ikipata doa, gari ni chafu. Dereva akaondoa jiwe kwenye gurudumu. Gari likateremka mlima, polepole, kisha mbio, Waziri nyuma yake akikimbia na bafta hadi pumzi ikamwishia, mpaka wakafika sokoni. Bafta nyeupe pe. Ngoma zikapigwa. Moto haukuwashwa hata kidogo, lakini nani aliuliza?

Siku ile ile zikatoka amri mbili. Ya kwanza: wabeba machela ya Sultani wameachishwa kazi, kwa kuwa gari limepatikana. Ya pili: kuanzia Ijumaa, mikokoteni yote ya mji ikusanywe ichomwe moto, isije ikalizuia njia gari safi. Ndiyo hivyo, mkokoteni, kitu ambacho tangu kiumbwe hakijatoa moshi hata wa sigara, ndicho kitakachochomwa ili hewa ipate kuwa nzuri.

Sasa, chini huko alikuwapo mtu akiitwa Pandu, mchukuzi. Hana kitu ulimwenguni ila kanzu moja ya viraka, mkokoteni mmoja, na mke mmoja, Mwanahawa, mwenye ulimi wa kutosha wake watatu. Mkokoteni ndio uliowalisha. Na watu walimwita juha, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza lile ambalo kila mtu amekwisha kukubaliana na mwenzake kutoliuliza.

Basi mpiga mbiu alipomaliza kusoma amri pale sokoni, mbele ya Masudi na Waziri, kila mtu ameinama kwa adabu, Pandu akanyoosha mkono.

"Gari zuri, mashallah. Na kupanda, linapandaje?"

Watu wakaguna. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, soko zima likaangua kicheko, na wanaokohoa wakacheka na kukohoa pamoja. Masudi akageuka rangi, akakaribia ukijani wa hilo gari lake. Jioni ile Pandu akapelekwa kasrini ameshikwa ukosi.

"Ewe mtu wa viraka," akasema Sultani, "umeicheka elimu ya miaka saba. Je, wewe unaweza kuliko wanazuoni?"

"Mimi siwezi kitu, bwana wangu. Nimeuliza tu."

Masudi akamnong'oneza shemeji yake, naye Sultani akatabasamu, akasema, "Vema. Nakupa siku tatu. Ijumaa, saa sita mchana, uniletee gari lisilokula kuni, lisilovutwa na mnyama, lisilosukumwa na mtu, wala lisilotia doa bafta, linitoe mimi mwenyewe hapa langoni linifikishe sokoni, kama lilivyofika lile la Ushirika. Ukiweza, mikokoteni haitachomwa. Usipoweza, wako utakuwa wa kwanza motoni, nawe utauhama mji kwa miguu."

"Nikufikishe sokoni, bwana wangu. Hayo tu?"

"Hayo tu!"

Pandu akarudi nyumbani. Mwanahawa alikuwa anamngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya, karibu, mwanachuoni! Umeuliza, umejibiwa? Mji mzima una midomo, lakini wa kwako ndio unaowasha!"

"Mke wangu, nipe mto wetu ule mzuri."

"Wa nini? Unataka kulala na balaa hili?"

"Wa kukalia Sultani."

Mwanahawa akamtazama. Akatazama mkokoteni. Akatazama mlima. Kisha akaingia ndani akautoa mto, akautia na foronya ya harusi yao, huku anasema kwamba angesikiliza maneno ya shangazi yake angeolewa na yule mshona viatu. Siku zote mbili zilizobaki Pandu alipaka mafuta ya nazi kwenye magurudumu. Hakuchokonoa elimu yoyote nyingine.

Ijumaa ikafika. Pandu akausukuma mkokoteni wake mpaka lango la kasri, akatia jiwe mbele ya gurudumu, akaweka mto nyuma, maana desturi ya mji ule mwenye heshima hukaa nyuma. Sultani akatoka na kanzu nyeupe na joho, akatazama.

"Hiki ni mkokoteni!"

"Ni mkokoteni, bwana wangu. Tazama, haujala kuni. Mnyama hana. Na wa kuusukuma hayupo, mimi nitakaa mbele nishike gogo la kuzuia mwendo. Kama kuna sharti nimelisahau, nikumbushe."

Sultani akatafuta sharti, asilione. Akapanda. Masudi naye akapanda, akijua fika kwamba mambo yataharibika, lakini angesema nini? Angesema magari hayashuki mlima yenyewe? Pandu akaondoa jiwe. Basi ukaserereka mkokoteni, ukaserereka, joho la Sultani linapepea, Masudi ameshika kilemba kwa mikono miwili, Waziri nyuma na bafta yake anahema, mpaka wakasimama katikati ya soko, mbele ya wauza samaki. Bafta nyeupe pe. Na pembeni hapo hapo lilikuwapo gari la kijani, limefunikwa mahameli, maana tangu siku ile liliposhuka halijaondoka. Watu waliambiwa linapumzika.

Sultani akavua kiburi kidogo, akasema, "Umefika. Sasa nirudishe juu."

"Bwana wangu," akasema Pandu kwa adabu kubwa, "hukuniamuru nikurudishe. Umesema nifanye kama la Ushirika lilivyofanya. Na la Ushirika ndilo lile pale. Nimelifuata mpaka lilipokomea."

Hapo ikaingia tabu. Maana kwa desturi mguu wa Sultani haukanyagi udongo wa njia. Tangu azaliwe haujakanyaga. Na wabeba machela ndio hao, wameachishwa kazi, wamesimama na wenzao wanatazama, mikono kifuani. Jua saa sita, inzi wa samaki hawajui usultani, kanzu inaanza kulowa.

"Shemeji," Sultani akamwambia Masudi, "nipandishe kwa gari letu."

"Bwana wangu, gari letu... lingali katika hatua."

"Hatua gani? Si limekamilika?"

"Limekamilika kwa upande wa kushuka. Kwa upande wa kupanda inatakiwa baraza la wanazuoni likae, litazame, litoe..."

"Masudi," akasema Sultani, "nanuka samaki. Washa!"

Basi likafunuliwa. Likasogezwa mpaka likabanana na mkokoteni, Sultani akavuka kwa hatua moja ya hewani. Wakavua hariri kwenye pipa, zikatiwa kuni, yakatiwa makaa, ukapulizwa moto. Sultani akakaa nyuma, kwenye kiti cha heshima, Masudi ubavuni pake. Na moshi wa magari hayo hutokea wapi? Hutokea nyuma hapo hapo, kwenye heshima.

Likaunguruma, likajikaza, likaanza kupanda. Waziri akainua bafta. Haikuchukua hatua kumi ikawa nyeusi kama kaniki. Moshi ukapanda nao mlima mzima, hauna haraka, ukiwakumbatia mashemeji wawili kama ndugu waliopoteana. Sultani akakohoa. Ilikuwa mara yake ya kwanza, hajui hata namna ya kukohoa vizuri, akashika kifua, macho yakamtoka, akasema, "Masudi, nakufa!" Masudi akasema, "Hufi, bwana wangu, ni utafiti." Wale wa chini wanaotazama wakamwonea huruma kweli, wakawa wanamfundisha kwa sauti kubwa: "Inama, bwana! Inama ndiyo itoke!"

Walipofika juu walinzi wakawazuia. "Nyie wachoma makaa, mlango wenu ni wa jikoni!" Sultani akavua kilemba, ndipo kipande cha paji la uso kikaonekana, walinzi wakaanguka kifudifudi. Pandu alikuwa amekwisha kufika, amepanda kwa njia ya mkato akisukuma mkokoteni wake mtupu, amekaa juu ya mto wa harusi anapunga hewa.

Sultani akamtazama Masudi. Masudi akatazama miguu yake. Sultani akatazama kanzu yake, akataka kukasirika, kikohozi kikamshika, na katikati ya kikohozi kikaja kicheko, asiweze kuvitenga. Akacheka mpaka machozi yakamchora michirizi miwili myeupe usoni.

"Pandu, mikokoteni yenu haitachomwa. Na kwa kunichekesha, omba zaidi."

"Naomba nafasi yangu katika Ushirika, bwana wangu."

Masudi akaruka. "Ushirika? Huyu? Ametoa nini mtu asiye na kanzu ya pili?"

"Shemeji wa bwana wangu," akasema Pandu, "dola ilitoa banda, wewe ukatoa jina. Banda lingejengwa jingine, na majina yamejaa. Sisi wa chini tumetoa mapafu, na ya akiba hatuna. Miaka saba tunatoa, usiku na mchana, na barazani hatujaitwa hata siku moja."

Sultani asicheke tena. Kifua kilikuwa kingali kinamwasha. Fungu hilo naye alikuwa ametoka kulitoa sasa hivi. Akaamuru mambo yaandikwe upya. Kwamba Ushirika una washirika watatu. Kwamba kipimo ni kupanda, si kushuka. Na kwamba kila Ijumaa, mpaka gari safi lipatikane, Tajiri Masudi atapanda mlima kwa gari la Ushirika, amekaa nyuma kwa heshima yake, amevaa kanzu nyeupe, na hiyo ndiyo bafta.

Watu husema utafiti huchukua miaka. Wallahi, Ijumaa ya tatu wanazuoni walikuwa hawali pilau wala hawalali, maana Masudi alikuwa akienda kuwaamsha mwenyewe, na kikohozi chake kinamtangulia. Mwezi wa nne wakatoa gari linaloshiba jua mchana kutwa, halina pipa, halina moto. Likapanda mlima kimya, watu wote wamejipanga njiani, na Masudi akashuka kule juu kanzu yake kama ilivyotoka kwa dobi. Ijumaa iliyofuata yakaanza kutengenezwa ya watu wa chini, kwani mshirika wa tatu alikataa kutia saini ya kulikubali gari kabla ya hapo. Na aliyekaa barazani kwa niaba ya watu wa chini alikuwa Mwanahawa. Pandu alikwenda siku moja, akaulizwa maoni yake, akauliza swali, baraza likavunjika.

Siku hizi ukikutana na Masudi atakwambia gari lile amelibuni yeye, tena peke yake, na kwamba tangu utotoni alipenda sana kukaa nyuma.

Basi hekaya ndiyo hiyo nimeitua. Wenye kucheka wacheke, na wenye magari ya moto wanune taratibu.