Chumvi ya Nungunungu

Nianze nisianze?
— Anza, tuko macho.
Nikianza mtasinzia?
— Hatusinzii, twasikia.

Zamani za kale, wanyama walipokuwa na nchi zao na mipaka yao, Nyati walikaa bondeni, Nungunungu wakakaa mlimani. Nungunungu walichimba chumvi. Nyati walikuwa na mihogo tele, na mti ambao gome lake hutibu homa. Chumvi ikashuka, mihogo ikapanda, pande zote mbili zikashiba.

Bondeni wazee walikuwa wengi, ndama wachache. Mlimani walizaa sana. Kizito, mfalme wa Nyati, alikuwa akisema, "Wale wanazaana kama siafu. Hawataisha."

Mwaka mmoja homa ikaingia mlimani. Bi Mashavu, nungunungu mwenye watoto watatu, akashuka kwa mfalme.

"Mfalme, naomba gome. Wanangu wanaungua."

"Gome ni la Nyati. Homa yenu ni yenu."

Akarudi, akazika mtoto wa kwanza.

Akashuka tena. "Mfalme, wachimbaji wako kitandani. Chumvi inapungua."

"Basi wachimbe wengine. Ninyi ni wengi."

Akarudi, akazika mtoto wa pili.

Akashuka mara ya tatu, amembeba aliyebaki. Akakuta njia imezibwa kwa miiba. Kizito ameogopa homa.

Bi Mashavu hakulia. Alizunguka mlima mpaka nchi ya Kongoni, ambako mti ule uliota pia.

Kongoni mmoja mzee akamgusa mtoto kwenye paji la uso. "Mlaze hapa, mama."

Wakatwanga gome, mtoto akapona. Wakawapelekea gome na wagonjwa wa mlimani. Tangu hapo chumvi ikashukia upande wa Kongoni.

Bondeni chumvi ikaisha. Maziwa ya majike yakakauka, ndama wakadhoofu. Kizito akaiondoa miiba kwa pembe zake mwenyewe, akapanda na gome mdomoni.

"Bi Mashavu, nimeleta dawa. Tupeni chumvi."

Bi Mashavu akamwonyesha makaburi. "Waliokuchimbia wamelala pale, mfalme. Sisi tuliobaki twawachimbia waliotuponya, na hata kwao hatutoshi."

Kizito akainamisha kichwa.

Bi Mashavu akaingia ndani, akatoka na kipande cha chumvi. "Kawape ndama. Wao hawakufunga njia."

Wenzangu, uzima wa jirani ni sehemu ya shibe yako. Ukimwacha afe, umelizika na soko lako.

Ngano yangu naitua hapa. Penye utamu chukueni, penye uchungu niachieni mimi.