Macho ya Lugoye

“Paukwa!”

“Pakawa!”

“Mbona sauti za wenye njaa? Paukwa!”

“Pakawaaa!”

Hapo kale, enzi ambazo mtu na nyoka waliamkiana, alikuwepo mjane, jina lake Nyamizi. Mumewe, Luhende, alipofariki alimwachia ghala la mtama na chatu wa kulilinda na panya. Chatu huyo aliitwa Lugoye. Alilala kando ya mtungi wa maji, penye unyevu, ndivyo Luhende alivyomzoesha.

Nyamizi akamwonea huruma. “Mwanangu atakufa kwa baridi.” Akamhamishia jikoni, karibu na moto.

“Vizuri!”

“Vizuri nini? Subirini kwanza.”

Msimu wa kujivua gamba ukafika. Gamba likatoka vipande vipande, vingine vikang'ang'ania mwilini. Lugoye akaimba:

“Mama Nyamizi, ngozi yanibana,
dunia naiona moshi mtupu.”

Nyamizi akampaka samli. Gamba halikutoka, majivu ya jikoni ndiyo yaliyomganda. Lugoye akaimba tena:

“Mama Nyamizi, ngozi yanibana,
dunia naiona moshi mtupu.”

Nyamizi akashika ncha ya gamba, akavuta.

“Likatoka?”

“Likatoka na damu, jamani!”

Lugoye akalia, Nyamizi akalia. Panya wakasikia, wakaingia ghalani wakicheka.

Mara ya tatu Lugoye aliimba kwa sauti ndogo mno. Nyamizi hakuweza kuvumilia, akatoka akaenda ghalani. Pale mlangoni Luhende alikuwa akitundika gamba la kila msimu. Akashusha la mwisho alilolitundika mumewe. Lilikuwa zima, mdomo hadi mkia, na penye macho palikuwa na vifuniko viwili vyembamba kama ganda la kitunguu. Akaokota vipande vipya. Penye macho palikuwa na matundu.

“Kumbe vifuniko vimebaki machoni!” Nyamizi akasema.

Moyo ukamwuma. Macho yale yalimwona Luhende angali kijana, akipepeta mtama huku akiimba. Yakipofuka, angekumbushana na nani?

Akatambua moto wa jikoni ndio uliomkausha, akamrudisha Lugoye kando ya mtungi. Akamlaza kwenye maji ya uvuguvugu, kisha akamtandikia gunia bichi na kumwekea jiwe.

“Jikune mwenyewe, mwanangu. Mimi sivuti tena.”

Lugoye akajikuna taratibu, leo kidogo, kesho kidogo. Kidonda kikapona. Msimu uliofuata gamba likatoka zima, na vifuniko vyote vya macho. Panya wakahama bila kuaga.

“Nakuona, mama,” Lugoye akasema. “Umekalia kigoda cha Luhende.”

“Bado unakikumbuka?”

“Alikaa hapo kila asubuhi, akinisimulia habari zako.”

Nyamizi akacheka, machozi yakimtiririka.

Basi, wajukuu, ukimpenda mwenzio, mtunze anavyohitaji yeye, si unavyotaka wewe. Na gamba lililoganda halivutwi, lilainisheni kwa maji. Hadithi yangu naivua hapo, nzima, na macho yake.